Kichwa cha Nne

Zurich, 12 Januari 2022

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na theluji ya Ardez haijakuzibia mlango. Sisi hatujambo. Ladina ametimiza miaka mitatu na nusu, na siku hizi hali kitu chochote cha kijani isipokuwa peremende. Thilo anakusalimu sana. Keki yako ya jozi ilifika Krismasi bila kupasuka, tukaimaliza kwa siku mbili, na kipande cha mwisho nilikila bafuni nimefunga mlango. Usimwambie mtu.

Ningekupigia simu, lakini najua hupokei. Miaka thelathini ya udaktari wa meno, na kila simu ilikuwa ya mtu anayelia. Basi naandika, na sitazunguka sana.

Tunafukuzwa, Shangazi. Jengo letu limeuzwa, na mmiliki mpya anataka kung'oa majiko na mabafu yote, apake rangi, kisha apangishe upya kwa bei yake. Familia kumi na mbili tumepata barua moja, maneno yale yale, na tumepewa mpaka mwisho wa Septemba.

Nakuona unavyocheka. Watu wawili wenye mishahara kama yetu! Mimi huko kwenye bima nakadiria watu wangapi watakufa mwaka gani, Thilo anatengeneza programu za benki, na Jumamosi asubuhi wote wawili tumepanga foleni kwenye ngazi na watu sitini, tukisubiri kuangalia chumba cha kulala cha mtu mwingine kwa dakika tano. Juzi mama mmoja alimletea wakala biskuti alizooka mwenyewe. Thilo akaninong'oneza, "Wiki ijayo tuje na mbuzi." Mshahara wangu unaliwa na kituo cha kulelea watoto, wa Thilo unaliwa na kodi, na kinachobaki kinatosha, sikufuru. Ila ukiongeza mtoto mmoja na chumba kimoja, hesabu inagoma.

Sasa kuna ushirika mmoja wa nyumba unaomaliza kujenga kando ya reli. Kodi yao ni karibu nusu ya kodi za mjini, kwa sababu hawatafuti faida. Unanunua hisa, unakuwa mwanachama, na hakuna wa kukutoa. Mshahara wako hauwahusu. Wao wanaangalia vichwa. Hesabu vyumba, toa kimoja, na idadi inayobaki ndiyo idadi ya watu wanaotakiwa kuishi humo. Vyumba vinne, watu watatu. Vyumba vitano, watu wanne. Nyumba za vyumba vinne zimeombwa na mji mzima. Za vyumba vitano bado zipo, maana wenye watoto wawili walishakata tamaa na Zurich, wakahamia mashambani.

Sisi tuko watatu, kwa hiyo unaona ninakoelekea. Thilo anasema mtoto wa pili aje tukishapata nyumba. Ushirika unasema nyumba itakuja tukishapata mtoto wa pili. Nyumba inamsubiri mtoto, mtoto anaisubiri nyumba, na mimi Juni natimiza thelathini na tisa. Namtaka huyo mtoto, Shangazi. Namtaka mpaka nikiona soksi ndogo dukani navuka barabara.

Ombi langu ni hili: ungeturuhusu tuandike jina lako kama mtu wa nne? Jina tu. Hutahitaji kubeba hata mswaki.

Nakukumbatia,
Madlaina


Ardez, 19 Februari 2022

Mwanangu Madlaina,

Marahaba. Theluji ilifika dirishani, ikashuka, ikapanda tena. Paka ni mzima na mnene. Mimi ni mzima na si mnene. Nimechelewa kujibu kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa na shughuli nyingine, tusiuzungumzie.

Jibu ni hapana. Nimeng'oa meno ya bonde zima, na sijawahi kumwambia mtu kwamba haitauma wakati itauma. Kichwa changu hakikodishwi. Tena nikihamisha karatasi zangu za makazi kuja Zurich sitakuwa na kura kwenye mkutano wa kijiji, na mwaka huu kuna suala la bomba la maji. Jirani yangu Duri anataka lipite kwake, na halipiti hapo nikiwa hai.

Vyumba mnavyovitafuta kwa mbuzi mimi ninavyo tisa. Vitatu sijavifungua tangu tulipomzika baba yako. Njooni mkae. Kuta ni nene, hewa haina kodi, shule iko karibu, mtoto anafika na soksi tu.

Na nina swali. Unasema Thilo anasubiri nyumba. Hiyo ulimuuliza ukamsikia kwa masikio yako, au umekisia? Sisi tulizaliwa sita kwenye nyumba yenye jiko moja la moto, na hakuna aliyemuuliza mama yangu ana vyumba vingapi.

Wasalimie wote. Mwambie Ladina peremende za kijani zinatoboa meno haraka kuliko nyekundu. Si kweli, lakini mwambie.

Shangazi yako,
Neisa


Zurich, 24 Februari 2022

Shangazi,

Shikamoo. Ladina aliugua sikio, amepona. Ile ya peremende nilimwambia, sasa anakula nyekundu tu.

Umesema hukumdanganya mtu maishani, kisha aya tatu baadaye unamdanganya mtoto wa miaka mitatu.

Barua yako ilichelewa. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa tarehe kumi na tano, wewe ulikuwa kimya, na kimya chako Thilo alikichukua kuwa ndiyo. Alishaandika jina lako, tarehe yako ya kuzaliwa, na kazi yako ya zamani. Akaongeza kwamba unapenda bustani. Nilimwacha aipeleke. Naandika hivyo nikiwa na aibu, lakini nilimwacha.

Kura ikachezeshwa, na tumo. Tunaitwa kwenye kikao cha kufahamiana, Jumamosi tarehe 19 Machi saa nane mchana. Wanataka kuiona kaya nzima. Kaya nzima maana yake na wewe.

Kuhusu kuhamia kwako, asante, lakini siwezi kuiweka benki na kampuni ya bima kwenye zizi la ng'ombe. Kuhusu bibi na watoto wake sita, ni kweli hakuna aliyemuuliza habari za vyumba. Hakuna aliyemuuliza chochote kabisa. Na kuhusu swali lako la Thilo, hilo sijibu.

Kama hutaki kuja, tutawaandikia kwamba tumekosea, na tutarudi kwenye ngazi.

Madlaina

Mwandiko wako umelala upande. Kuna nini?


Ardez, 3 Machi 2022

Mwanangu,

Marahaba. Mlichofanya ni uhuni, na Thilo mwambie hivyo kwa maneno hayo hayo. Bustani siipendi. Nina viazi, na viazi havihitaji mapenzi.

Juzi watoto walipita na kengele kufukuza baridi, kama kila mwaka, wamebaki kumi na mmoja tu kijiji kizima. Baridi haikuwasikia.

Nitakuja. Nitakaa kwenye kiti mtakachonipa. Sitasema uongo. Nikiulizwa nitajibu, na majibu yangu mtayasikia pamoja na wenzenu.

Nunueni kahawa ya maana.

Neisa


Ardez, 27 Machi 2022

Mwanangu Madlaina,

Nimefika salama, hata kama hukuuliza. Treni ilikuwa tupu kuanzia Landquart, nikanyoosha miguu. Paka alikuwa amenuna kwa Duri. Bomba la maji limeahirishwa, kwa hiyo wote wawili tumeshindwa na tumebaki na amani.

Ulininyamazia kutoka kwenye kile kikao mpaka stesheni. Thilo alisema maneno mawili, moja likiwa "kwaheri". Basi acha nikukumbushe kilichotokea, maana nadhani wewe ulikuwa umeacha kusikia mapema.

Yule mwenyekiti wao wa kupangisha, Bi Zellweger, mwenye miwani kichwani na mingine puani, alianza nami kwa heshima kabisa.

"Bi Neisa, unahama kutoka nyumba ya vyumba vingapi?"

"Tisa."

Akacheka kidogo. "Kwa sheria yetu mngetakiwa kuwa wanane humo."

"Wanane ndio tuliokuwa," nikamwambia. "Baba, mama, na sisi sita. Sasa niko mimi na paka."

Hapo ndipo yule kijana mwenye hereni akaweka kalamu chini, akauliza lile swali. "Samahani, Bibi, nauliza wazi. Kweli utaishi hapa? Maana tunaletewa bibi wengi sana wakati wa maombi, na wakishahamia hatuwaoni tena."

Thilo akapaliwa na maji. Mguu wako ukaupata wangu chini ya meza, na ulikuwa umevaa viatu vyenye kisigino.

Nikamjibu: "Sikuja na nia hiyo. Jina langu liliandikwa kabla sijaulizwa. Lakini sasa wewe umeniuliza, wa kwanza, kwa adabu. Basi ndiyo. Nitakuja Oktoba, na nataka chumba chenye jua la asubuhi."

Wewe ulidhani nafanya mzaha ili kuwakomoa. Kwenye tramu ulikuwa unatazama nje kama mtu anayehesabu nguzo za taa. Sikufanya mzaha, na sasa nakuandikia nilichokuficha. Januari nilianguka kwenye ngazi za ghala nikavunja mkono. Nilikaa pale chini kwenye nyasi kavu mpaka tarishi wa posta alipokuja, na barua aliyoleta ilikuwa ya kwako. Barua yako aliifungua yeye na kunisomea huku tukisubiri gari la wagonjwa. Akafika kwenye "hutahitaji kubeba hata mswaki", tukacheka wote wawili, na mkono ukaniuma vibaya.

Nilikukatalia kwa sababu ulitaka jina tu. Ungeniomba mwenyewe nije, ningekuja siku hiyo hiyo na bandeji yangu.

Sasa kama mnanitaka, niambieni. Kama hamnitaki, niambieni pia, lakini kwa barua, si kwa tramu.

Shangazi yako,
Neisa


Zurich, 18 Aprili 2022

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na pole. Nimelia kidogo ofisini, nikasingizia chavua ya maua, kwa hiyo wenzangu wameniletea dawa za mafua.

Tunakutaka. Nilipomsomea Thilo barua yako alisema, "Mwambie kahawa ya maana imebaki nusu mfuko." Kwa Thilo hilo ni shairi.

Na tumepata. Bi Zellweger alipiga simu mwenyewe. Alisema kwa miaka kumi na moja hajawahi kusikia mwombaji akisema ukweli wote mbele ya kamati, na yule kijana mwenye hereni ndiye aliyetupigia kura wa kwanza. Tunahamia tarehe mosi Oktoba. Ghorofa ya nne, chumba chako kinatazama mashariki na kwa mbali unaona treni. Ladina ana chake, sisi chetu, kuna sebule, na kile kidogo kilichobaki Thilo ameshakiita ofisi, maana siku tatu kwa wiki anafanya kazi nyumbani.

Katika mkataba kuna kifungu kinachosema kichwa kikipungua, kaya hupewa miaka miwili. Baada ya hapo, kama hakijarudi kichwa kingine, inabidi kuhamia nyumba ndogo. Nilimuuliza Bi Zellweger kichwa kinapunguaje. Akakohoa, akasema, "Kwa namna za kawaida." Anamaanisha ukifa, Shangazi. Tafadhali usife.

Mengine tutaongea, maana tutakuwa mlango kwa mlango. Sijui nitamwandikia nani.

Wako,
Madlaina


Ardez, 11 Aprili 2023

Mwanangu Madlaina,

Nimefika. Nyumba ilikuwa baridi, lakini jiko limekubali kuwaka. Paka amenenepa kwa Duri mpaka hapiti kwenye tundu lake, ndiyo maana nilikwambia lazima nirudi. Mnyama anahitaji mtu wake.

Niliondoka Jumanne iliyopita mkiwa kazini ili tusiagane. Kuagana stesheni ni kazi ya watu wenye leso. Kwenye friji nimewaachia viazi vya kuoka kwenye bakuli la bluu. Siku yangu ya kufua, Alhamisi, sasa ni yako, na yule bwana wa ghorofa ya pili anayeacha nyuzi kwenye mashine ya pamoja nimeshamwambia neno. Alinijibu kwamba amefua hapo tangu siku ya kwanza. Nikamwambia mimi nimefua kabla hajazaliwa. Sasa anasafisha.

Msiniogopee. Nimempangisha mwalimu mpya wa shule vile vyumba vitatu vilivyofungwa, yeye na mumewe. Nikianguka watanisikia.

Asante kwa miezi sita. Mlinilisha vizuri, isipokuwa zile mbegu za asubuhi. Ladina alinifundisha kutumia lifti bila kufumba macho.

Na sasa jambo lenyewe. Nimemwandikia Bi Zellweger kwamba nimehama. Kichwa kimepungua, na sikulazimika kufa. Hajalalamika, maana hakuna udanganyifu: niliishi, nilifua, nilipigana na jirani, nimeondoka. Kuanzia mwezi huu mna miaka miwili.

Kwa miezi sita sijawasikia mkizungumza habari ya mtoto zaidi ya mara moja. Niliwasikia mkizungumza habari za vyumba. Ofisi ingehamia wapi, kabati lingekaa wapi, kituo cha watoto kingekula faranga ngapi. Wewe unakadiria vifo, yeye anaandika programu, na mkikaa mezani mnaongea kama mafundi seremala.

Sasa vyumba vipo. Kodi mnaimudu. Wakala hayupo, foleni haipo, nami sipo. Mwambie mume wako unachokitaka, kwa jina lake halisi. Kama atakataa, akatae mtoto, asikatae chumba.

Shangazi yako,
Neisa


Zurich, 2 Juni 2023

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Utaona tarehe. Nilikukasirikia wiki tano. Nilirudi kazini nikakuta kitanda kimetandikwa kama cha hospitali na viazi kwenye friji, na Ladina akaniuliza kama umefukuzwa na mwenye nyumba. Kwake yeye watu hawaondoki, hufukuzwa. Tangu siku ile analala kitandani kwako na hataki kutoka. Wiki nzima viazi sikuvigusa. Thilo ndiye aliyevila, amesimama, bila kuvipasha.

Barua yako niliibeba kwenye mkoba, kazini na kurudi. Nilikuwa naandaa majibu makali kwenye tramu. Baadhi yalikuwa mazuri sana.

Kisha Alhamisi iliyopita tulikuwa chini kwenye chumba cha kufulia, tunakunja mashuka, yeye pembe zake na mimi zangu. Nikamwambia, "Nataka mtoto mwingine. Na tafadhali usinitajie ofisi."

Akaendelea kukunja. "Ofisi naweza kuihamishia sebuleni kesho."

"Basi shida nini?"

Akasogea, akanikabidhi pembe zake, kama tunavyofanya kila siku. Akasema, "Wewe ulikuwa umelala, Madlaina. Mimi nilikuwa macho."

Shangazi, unajua Ladina alipozaliwa nilivuja damu. Mimi ninachokumbuka ni kuamka na kuomba mkate wenye jibini, na kwa miaka mitano nimekuwa nikilisimulia hilo kwenye karamu, watu wanacheka. Thilo hucheka pia. Hakuwahi kuniambia kwamba kabla ya huo mkate alikaa kwenye korido na mtoto mchanga mikononi, na muuguzi akaja akamuuliza kwa upole namba ya simu ya mama yangu. Hakuambiwa kwa nini. Aliitaja tarakimu kwa tarakimu, na akawa anawaza ataanzaje kumlea mtu huyu ambaye hata jina bado hatukuwa tumempa.

"Kila ulipotaja mtoto nilisikia ile namba," akasema. "Nikasema hatuna nyumba. Ilikuwa kweli. Kila mtu Zurich hana nyumba, nani angenibishia?"

Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa, kwa sababu kuna jambo nililijua nikiwa nimesimama pale na shuka kifuani. Kila tulipotoka kwenye zile ngazi mikono mitupu nililalamika njia nzima, na moyoni nilikuwa nashusha pumzi. Ni kweli namtaka mtoto. Ni kweli pia nilikuwa naogopa, na nilikuwa nawashukuru wenye majengo wa mji huu kwa kuniogopea.

Yule bwana wa ghorofa ya pili akaingia na kapu lake, akatuona, akasema, "Nitarudi." Ulimfundisha vizuri.

Tumekwenda kwa daktari pamoja. Ametupa uwezekano wa jambo lile kurudi, kwa asilimia. Namba za namna hiyo ndizo kazi yangu, na hii ni namba nzuri, mteja yeyote ningempa bima. Tulipotoka nje Thilo akaniuliza, "Na kama huyo mteja ni wewe?" Nilimshika mkono tukaenda kula aiskrimu saa nne asubuhi.

Tumekubaliana. Tutajaribu. Nina miaka arobaini mwezi huu, kwa hiyo pengine hatakuja. Asipokuja, miaka miwili ikiisha tutamwomba Bi Zellweger vyumba vinne, tutahama tukiwa watatu, na hatutamsingizia mtu yeyote.

Sasa nami nina swali, na nataka ulijibu. Kwa nini uliondoka? Paka hanenepi kwa siku moja, na Duri alikuandikia tangu Novemba kwamba anampenda.

Nakupenda,
Madlaina


Ardez, 9 Juni 2023

Mwanangu Madlaina,

Marahaba. Tunakata nyasi wiki hii, yaani wenzangu wanakata na mimi nawaelekeza. Mwalimu na mumewe wanapiga ala mbili tofauti kwa wakati mmoja. Wanalipa kodi, siwezi kusema kitu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa. Thilo mwambie kwamba nampenda. Usiseme kwamba nimeandika, mwambie tu kama wazo lako.

Wewe umeniuliza, basi nakujibu. Paka hahusiki.

Ilikuwa Jumapili moja ya Februari, baada ya chakula. Mlidhani nimesinzia. Wewe ulisema, kwa sauti ndogo, "Na yule mtoto, Thilo?" Yeye akasema, "Tungemweka wapi, na Shangazi yupo?" Wewe ukasema, "Kweli," ukaenda kuosha vyombo, na nikasikia kwenye hatua zako kwamba umefarijika.

Mlikuwa na wakala, mkawa na foleni, mkawa na ofisi, na sasa mlikuwa na mimi. Nisingekubali kuzeeka hapo nikiwa sababu yenu ya kusubiri.

Usifikiri nilitaka kuondoka. Ningekaa mpaka siku ile ya Bi Zellweger kukohoa. Nilikuwa naamka na jua usoni, namsikia Ladina chumba cha pili akigombana na soksi zake, na sijapata asubuhi nzuri kuliko hizo tangu baba yako atutoke. Nililia kwenye treni. Kulikuwa na watalii, wakadhani ni milima.

Nikialikwa nitakuja, kwa siku tatu, kama mgeni, na nitalala sebuleni. Ladina arudi chumbani kwake. Na kile kitanda changu kitoeni leo hii, kabla hamjaanza kusema mnaniwekea chumba.

Shangazi yako,
Neisa